Ukuta Uliokataa Picha

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu amenipa daftari hili jioni ya leo. "Lalamika humu," akasema. "Masikio yangu yamejaa." Yeye ni muuguzi, na anadai akitoka wodini ameshasikia vilio vya kutosha hata vyangu havina pa kukaa. Haya, nalalamika humu.

Ila leo sina la kulalamikia. Chuo kinatimiza miaka hamsini, na Mkuu wa Kitivo amenikabidhi mimi, mkufunzi mdogo kuliko wote idarani, ngazi kuu ya Jengo la Kwanza niivishe picha. Dada aliuliza, "Kuivisha vipi, kama bibi harusi?" Karibu na hivyo. Nitafunga projekta tatu zirushe mwanga juu ya ukuta wenyewe, na kila picha nitaikata ilingane na umbo la ukuta, ya nguzo ikae kwenye nguzo, ya tao ikae kwenye tao. Ikikaa sawasawa, mtazamaji anaamini jiwe linapumua. Ikipotoka upana wa kidole, anaona taa tu.

Ukuta una matao sita, umepanda pamoja na ngazi kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza. Onyesho ni Jumamosi, tarehe 27 Aprili. Watu mia tatu watasimama kwenye ngazi zile dakika ishirini, picha na muziki vimewazunguka. Muziki ni wa mwenzangu wa idara ya muziki, jamaa mwembamba kama ufito tunayemwita Besi kwa sababu ya sauti yake.

Mwaka juzi kazi yangu ilionyeshwa na mtu mwingine kwa jina lake, nami nimekaa safu ya tatu napiga makofi kwa adabu. Safari hii macho yangu yako wazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimegombana na msimamizi wa jengo. Wanafunzi wanamwita Funguo, kwa ule mkungu wa funguo unaomning'inia kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, uso mkavu, maneno anayatoa kama anayakopesha.

Nilikuwa natundika mapazia meusi madirishani ili nipate giza mchana. Lile dirisha refu kati ya tao la tano na la sita nililifunika lote, pamoja na ukuta wa pembeni yake.

"Mwalimu," akasema, "ukiufunika ukuta huu, nani atautazama?"

"Mimi. Ndiyo kazi niliyopewa."

Akacheka kwa pua, akaondoka zake. Sikupenda kicheko kile.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemaliza. Siku mbili nimechora kwa mwanga kingo za matao yote sita, mstari mweupe juu ya kila ukingo, hadi unywele haupiti kati ya mwanga na jiwe. Besi akasimama chini, akatazama, akasema, "Umelishonea jengo suti." Nimehifadhi michoro yote kwenye kompyuta.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua kutwa.

Jumanne, 12 Machi

Ajabu. Tao la sita, mstari umepanda juu ya ukingo nusu kidole. Pengine niligusa mashine bila kujua. Nimerekebisha.

Ijumaa, 15 Machi

Tena tao la sita. Nusu kidole tena, juu. Hilo linaangazwa na projekta ya tatu, iliyo kwenye stendi karibu na mlango wa pembeni. Mimi sikuigusa. Nimemuuliza Besi.

"Labda panya," akasema.

"Panya wa kusogeza projekta ya kilo ishirini?"

"Labda wako wawili."

Sikucheka. Milango ya ukumbi wa ngazi ina funguo tatu tu. Mmoja ninao mimi, mwingine anao Besi, na wa tatu uko kwenye ule mkungu wa kiunoni.

Jumatatu, 18 Machi

Nimechukua rangi ya kucha ya Dada, ile nyekundu, nikazungushia alama sakafuni kwenye miguu mitatu ya stendi. Atakayeisogeza, nitajua.

Jumanne, 19 Machi

Dada amejua habari ya rangi ya kucha. Kumbe ni ya bei, na kumbe nimeimaliza. "Wewe ukipoteza kijiko unamshuku jirani," akaniambia. "Ulikuwa hivyo tangu una miaka sita."

Kijiko kile jirani alikichukua. Mpaka leo naamini.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimekuta pazia la dirisha refu limevutwa pembeni kidogo, na chini yake, hatua mbili kutoka projekta ya tatu, vipande vya kioo. Nikakagua lenzi, nzima. Nikakagua madirisha, mazima. Sasa kioo kimetoka wapi? Mtu ameingia na kioo humu kufanya nini?

Nimeviweka vipande kwenye bahasha.

Ijumaa, 22 Machi

Nilifika mapema kuliko kawaida, saa moja kasoro. Mlango wa pembeni uko wazi. Nyuma ya pazia naona miguu ya ngazi ya mbao, na juu ya ngazi viatu ninavyovijua.

"Unafanya nini huko?"

"Kazi."

"Kazi gani nyuma ya pazia langu?"

Akateremka taratibu. Mikono yake ilikuwa myeupe, kama ameshika unga au chokaa, na alikuwa ameficha kitu kwenye mfuko wa koti. Akanitazama kama anayepima kama nafaa kuambiwa au sifai. Akaona sifai.

"Mwalimu, jengo hili halitaki mizigo yenu. Ningekuwa wewe, ningehamia ukumbi wa michezo."

"Unanitisha?"

"Nakushauri."

Nimeyaandika maneno yale kama yalivyotoka, nisije nikaambiwa nimeyatunga. Halitaki mizigo yenu! Jengo linataka au halitaki kwani lina mdomo? Ni yeye asiyetaka. Ameishi na funguo zile miaka ishirini na mitano, sasa amekuja mwanamke mdogo na mashine zake, anaona kama ameporwa nyumba.

Jumatatu, 25 Machi

Siku tatu mvua haikukatika. Leo tao la sita limepotoka kidole kizima. Na miguu ya stendi? Imo ndani ya alama, sawasawa, haijatoka hata chembe. Kwa hiyo ni mtu makini. Haburuti stendi, anainamisha kichwa cha projekta kisha anajiendea. Mtu makini wa namna hiyo ni hatari kuliko mzembe.

Dada anasema, "Au haijasogezwa." Hajui kitu kuhusu projekta.

Jumanne, 26 Machi

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Saa nne nilikuwa na darasa la mwaka wa kwanza, na niliamua kulipeleka ngazini wajionee michoro inavyokaa kwenye jengo. Wanafunzi kama thelathini. Tunaingia tu, Funguo huyo, anatoka nyuma ya pazia na mfuko wa plastiki. Chini, vipande vya kioo, vipya. Projekta ya tatu nilikuwa nimeiacha imewaka tangu asubuhi, na picha imepotoka.

Nikaziba njia. "Fungua mfuko huo."

"Mwalimu, twende tukaongee nje."

"Fungua hapahapa."

Akafungua. Vioo vyembamba, vimekatwa urefu wa kidole. Kopo la gundi. Unga mweupe.

"Unataka kuniharibia lenzi kwa vioo hivi?"

"Nisikilize. Ukuta huo—"

"Ukuta hauna mikono! Mikono unayo wewe!"

Akafungua mdomo tena, nikamkata tena. Nikamwita mharibifu. Nikasema ana kijicho cha kichawi, kwamba chuo kinamlipa alinde jengo naye analihujumu. Niliyasema kwa sauti, na ngazi zile zina mwangwi, kila neno lilipanda hadi juu likarudi. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, yule mrefu anayekaa nyuma na kuchora vizuri kuliko wote, akaokota begi lake akatoka mbio.

Funguo alikunja mfuko wake, akanipita.

Mchana nimeandika barua kwa Mkuu wa Kitivo. Kurasa mbili. Bahasha ya vipande nimeiambatanisha.

Alhamisi, 28 Machi

Mkuu ameniita. Yeye ni mama wa maneno machache, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Amesema Funguo amehojiwa, yeye Mkuu akiwepo pamoja na mkuu wa idara ya majengo, ambaye sote tunamwita Bwana Majengo. Amesimamishwa kazi. Funguo zake amezichukua Bwana Majengo.

"Alijitetea?" nikauliza.

"Alisema mengi kuhusu ukuta. Bwana Majengo kathibitisha ukuta umepigwa plasta na rangi mpya Februari, hauna tatizo."

Nimelala kama mtoto mchanga.

Jumanne, 2 Aprili

Yule msichana mrefu hakuja darasani. Jua kali wiki nzima.

Jumatano, 3 Aprili

Siku sita sasa, na matao yote sita yametulia kama yamepigwa misumari. Ushahidi gani tena unatakiwa? Nimemwambia Besi: "Umeona? Kaondoka, na mambo yamenyooka."

Besi akasema, "Na mvua imekatika." Nikadhani anazungumzia hali ya hewa.

Jumanne, 9 Aprili

Msichana hakuja tena. Nimeuliza wenzake. Wametazamana kwanza, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, yule ni mtoto wa Mzee Funguo."

Sikujua. Kama ningejua, ningesema vilevile? Nataka kuandika hapana. Naacha wazi.

Mvua imerudi jioni.

Alhamisi, 11 Aprili

Tao la sita. Nusu kidole.

Alhamisi, 11 Aprili, mchana

Nimekaa nimefikiri. Funguo hana funguo, zimefungiwa kwa Bwana Majengo. Mimi siye. Anabaki nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Nani aliyesema panya wawili? Nani aliyekuwa akimtetea Funguo kwa mzaha mzaha? Besi alitaka muziki wake uwe wa mbele na picha ziwe za nyuma, tuliwahi kubishana hilo mwezi uliopita. Picha zikiharibika siku ya siku, atabaki muziki.

Nimebadili neno la siri la kompyuta.

Jumatatu, 15 Aprili

Besi amegundua kuhusu neno la siri. Hakupiga kelele. Aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Umeanza na mimi sasa?"

"Nalinda kazi yetu."

"Yako," akasema. "Shika." Akanipa ufunguo wake kabla sijauomba. Sauti yake ile nzito ilikuwa nyembamba.

Sasa ufunguo mmoja uko kwa Bwana Majengo, kwenye kabati la chuma, na mbili ninazo shingoni kwenye uzi.

Jumanne, 16 Aprili

Nusu kidole.

Jumatano, 17 Aprili

Dada: "Bado nani? Mimi? Nilikuwa zamu."

Jumatatu, 22 Aprili

Imenyesha kuanzia Ijumaa hadi alfajiri ya leo. Jumamosi nilifunga milango yote kwa mkono wangu na kubandika karatasi kwenye kila kitasa, yeyote akifungua ipasuke. Leo saa mbili karatasi zote nzima. Nikaingia, nikawasha.

Tao la sita, kidole kizima.

Nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika siwezi, na nadhani ndiyo maana nikaona. Sikuwa namtafuta mtu. Nilikuwa natazama tu. Projekta ya tatu inaangaza matao mawili, la tano na la sita. Mashine moja, jicho moja. Mtu akiinamisha kichwa chake, matao yote mawili yatapotoka pamoja. Lakini la tano lilikuwa limekaa sawasawa, kama nilivyolichora tarehe nane Machi. Halijawahi kupotoka hata siku moja. Wiki sita nimerekebisha tao la sita peke yake, na hata mara moja sikujiuliza kwa nini la tano halina shida.

Picha haikuwa ikipanda. Tao lilikuwa likishuka.

Nilisimama, nikaenda kwenye lile dirisha refu, nikavuta pazia langu mwenyewe.

Ufa umeanzia kwenye kona ya dirisha, umepanda hadi darini na kushuka hadi sakafuni. Plasta mpya ya Februari imepasuka juu yake na kujikunja kama gamba. Mkono wangu uliingia hadi kifundo, na huko ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya udongo uliolowa. Usawa wa macho yangu, kipande chembamba cha kioo kimebandikwa kukatiza ufa, na pembeni yake imeandikwa kwa penseli: 26/3. Kimekatika katikati.

Nilitoka nje nikavua ule uzi wa funguo shingoni.

Jumatano, 24 Aprili

Jana nilizungushwa kutwa. Mkuu wa Kitivo yuko safarini hadi kesho. Bwana Majengo nilimkuta, nikamweleza, akatabasamu. "Plasta hupasuka, Mwalimu. Si ulisema mwenyewe kwenye barua kwamba tatizo lilikuwa mtu?" Barua yangu mwenyewe! Nikaona anavyokunja faili haraka, na nikaondoka na shuku mpya, safari hii yenye miguu.

Leo nimekwenda kwa Funguo. Nyumba ndogo, mlango wa kijani, ndoo zimepangwa chini ya michirizi ya bati.

"Hodi."

Alifungua yule msichana mrefu. Hakunisalimu. Aligeuza kichwa tu: "Baba, ni yule mwalimu."

Funguo alikuwa amekaa kwenye stuli anatengeneza pasi ya jirani, utumbo wake wote uko nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

"Nimeuona ufa."

"Umefungua pazia?"

"Nimefungua."

"Mkono unaingia?"

"Hadi kifundo."

Aliweka bisibisi chini. "Nilipoondoka vilikuwa vinaingia vidole tu."

Kisha maneno yakamtoka, yale ambayo mimi sikumpa nafasi ayaseme. Kwamba mfereji wa nyuma ya jengo umeziba tangu mwaka jana na maji yote yanaingia kwenye msingi wa kona ile. Kwamba aliandika barua tatu kwa idara ya majengo, na jibu likawa kopo la rangi. Kwamba kioo hakinyumbuki: ukikibandika kwa gundi na unga wa plasta juu ya ufa, ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinakatika, nawe unajua. "Cha kwanza kilikaa siku nane. Cha pili siku nne. Cha tatu sikukiona tena, nilishanyang'anywa funguo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Msichana akacheka, kicheko kilekile cha pua. Baba yake akamtazama.

"Nilijaribu," akasema. "Mara ya kwanza nilijaribu vibaya, nakubali. Mimi si mtu wa maneno. Mara ya pili nilijaribu vizuri."

"Mzee, nimekuja pia kukuomba—"

"Hilo la siku nyingine. Onyesho lenu ni lini?"

"Jumamosi. Watu mia tatu."

"Juu ya ngazi ile?" Akasimama. "Mwanangu, niletee shati."

Alhamisi, 25 Aprili

Saa tatu nilikuwa mlangoni kwa Mkuu kabla hajaketi. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Wageni wameshaalikwa. Bwana Majengo ameniandikia kwamba jengo ni salama. Wewe mwenyewe mwezi uliopita uliniambia ni hujuma, nikamsimamisha mtu kwa neno lako. Leo unaniambia ni ukuta. Kesho utaniambia nini?"

Alikuwa na haki ya kila neno. Nikasema, "Nipe dakika tano. Njoo utazame mazoezi tu. Bwana Majengo naye aje."

Walikuja. Funguo alikuwa amesimama kizingitini, shati limepigwa pasi, hakuingia.

"Huyu anafanya nini hapa?" Bwana Majengo akauliza.

"Ni mgeni wangu."

Nikafunga mapazia, nikawasha projekta ya tatu, nikaita michoro ya kwanza kabisa, ya tarehe nane Machi, ambayo sikuwa nimeifuta. Mistari miwili myeupe ikatokea ukutani. Juu ya tao la tano, ukingo na mwanga vilikuwa kitu kimoja. Juu ya tao la sita, mstari ulielea hewani peke yake, na tao lilikuwa chini yake, limeinama kidogo, kama mtu aliyeteguka bega.

"Umekosea hapa," Mkuu akasema.

"Sijakosea. Hapo ndipo tao lilipokuwa wiki saba zilizopita."

"Umesogeza mashine yako," akasema Bwana Majengo, haraka.

Nilisikia sauti yangu ya mwezi uliopita ikitoka kinywani mwake. "Mashine ni moja kwa matao yote mawili. Tazama la tano. Ningesogeza, lingesogea nalo."

Mkuu alipanda ngazi mpaka ukutani. Aliweka kiganja kati ya mstari na jiwe. Vidole vinne viliingia pale bila kubanana, na mwanga ukawa unampita juu ya mkono. Funguo, kutoka mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Na nyuma ya pazia, mama."

Mkuu akavuta pazia. Akatazama. Hakuuliza tena kitu kuhusu ufa. Aliuliza: "Nani wako juu?"

"Ofisi ya usajili," Funguo akajibu. "Watu kumi na mmoja, na yule mama wa chumba cha mwisho hasikii vizuri sikio moja."

"Watoke."

Bwana Majengo akaanza, "Mkuu, kwa heshima—"

"Watoke sasa hivi. Na wewe tangulia nje."

Funguo ndiye aliyepanda kuwatoa, kwa ngazi ya nyuma, chumba kwa chumba. Mimi niliambiwa nikae nje. Nilihesabu: kumi, na mwishoni kabisa yule mama wa sikio moja, amekumbatia kikapu chake, na Funguo nyuma yake.

Mimi naye tulikaa kwenye benchi chini ya paa la kantini, tumelowa mvua wote wawili. Nikajaribu tena. "Mzee, nisamehe."

"Maneno yale uliyasemea wapi?" akauliza.

"Ngazini. Mbele ya watu."

"Basi," akasema, akanyanyuka.

Jumamosi, 27 Aprili

Onyesho halikuwapo. Wahandisi kutoka nje wamezungushia jengo utepe. Besi amepita, amesimama nami kidogo. Nimemrudishia ufunguo wake. "Wa mlango tusioruhusiwa kuufungua," akasema. Alikuwa na kikombe kimoja cha chai, na alikinywa mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili

Saa nane na dakika ishirini mchana, mvua ikinyesha bila hasira. Nilikuwa ubaoni, upande wa pili wa uwanja. Kwanza kama gari linamwaga kokoto. Kisha sakafu ikatikisika chini ya viatu, na chaki ikaniponyoka.

Tao la sita limeanguka, na kona yote ya ghorofa ya juu imelifuata. Meza moja ya usajili imebaki inaning'inia na mguu mmoja nje. Ngazi, kuanzia hatua ya kumi na mbili kwenda juu, hazipo. Hakuna aliyekuwa ndani. Hakuna hata aliyechubuka.

Nilimpigia Dada. Nilitaka kumweleza, nikalia tu. Alinisubiri nimalize, kisha akasema, "Uliwashuku wote wenye mikono."

"Ndiyo."

"Njoo nyumbani ule."

Jumatatu, 6 Mei

Mkutano wa chuo umefanyika ukumbi wa michezo. Mhandisi alisoma ripoti: mfereji, msingi, plasta ya kuficha. Bwana Majengo amepewa likizo ndefu akisubiri uchunguzi. Mkuu alitangaza kwamba msimamizi wa jengo amerudishwa kazini na kushukuriwa. Watu wakapiga makofi. Funguo alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, hakuketi. Binti yake alikuwa pembeni yake, mikono kifuani.

Nikaomba kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaiacha kwenye kiti.

Nilisema: "Tarehe ishirini na sita Machi, kwenye ngazi kuu, mbele ya wanafunzi wangu, nilimwita huyu mzee mharibifu. Nilisema analihujumu jengo. Alijaribu kunieleza mara mbili, nikamkata kauli mara mbili. Nikaandika barua ya kurasa mbili, na kwa barua ile akaondolewa mtu pekee aliyekuwa akiutazama ukuta. Nilikosea. Sikudanganywa na mtu, nilijidanganya mwenyewe, kwa sababu nilipenda kuamini. Mzee, mbele ya hawahawa, nakuomba radhi."

Safari hii hawakupiga makofi, nami nilishukuru. Nilishuka, nikatembea mpaka mlangoni, njia ndefu.

"Nimesikia," Funguo akasema.

Nikangoja.

"Sijakusamehe bado. Usiku nikilala bado naisikia sauti yako." Akatafuta maneno, akayapata. "Lakini ulichokisema ndicho kilichotokea. Hukukipunguza. Kesho naingia kazini saa moja."

"Sawa, mzee."

"Sawa."

Jumanne, 7 Mei

Msichana amerudi darasani. Amekaa palepale nyuma. Hakuniangalia saa mbili nzima.

Ijumaa, 10 Mei

Ameleta kazi zote tatu alizokosa, ameziweka mezani, akaondoka. Nimezisahihisha kabla ya za wengine wote. Ya tatu ni mchoro wa ukumbi wa michezo, unaonekana kutoka mlangoni. Ni kazi nzuri sana. Mkono wangu ulitaka kuandika kumi juu ya kumi, na ningejiambia anastahili. Lakini mistari ya dari haikutani pale inapopaswa kukutana. Nikaandika nane.

Jumanne, 14 Mei

Nimerudisha kazi. Wengine walitazama alama, wakafunga daftari. Yeye alikuja mbele baada ya kipindi, karatasi mkononi, wenzake wameshatoka.

"Mwalimu, hii nane."

"Ndiyo."

"Umenionea huruma?"

"Hapana."

"Kwa sababu ya baba?"

"Hapana."

Alinitazama vile ninavyojua mimi kutazama, nilivyomtazama baba yake, nilivyomtazama Besi. Jicho linalotafuta mkono uliofichwa. Sikuwa na haki ya kuchukizwa nalo.

Nikachukua penseli, nikageuza karatasi kwake. "Dari yako hapa inakimbilia kushoto. Fuata mstari huu. Sasa fuata huu. Umeona inapopishana? Hapo nimekukata mbili. Ningekuonea huruma ningekuachia."

Alichukua rula yangu bila kuomba. Akapima mstari wa kwanza, kisha wa pili. Akapima tena wa kwanza, taratibu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

"Kweli," akasema. "Imekimbia."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye begi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kesho kutwa nitaileta tena. Ukiipa kumi, nitaipima."

"Ipime," nikamwambia.